Hadithi ya mbuzi na wanawe saba kwa watoto 40: wakikataa kufungua mlango nifanyeje?

Mwenye Mkeka (Goma)

Jambo wote. Natayarisha kipindi cha hadithi cha Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja huku Himbi. Watoto watakuwa kama 40, wa miaka 5 hadi 9. Nina dakika 45 tu, maana baada yetu kwaya inaingia kwa mazoezi.

Nimechagua ile hadithi ya mbuzi anayewaacha wanawe saba nyumbani, kisha mbwa mwitu anakuja kubisha hodi akijifanya mama yao. Nimeihamishia hapa kwetu. Mbwa mwitu amekuwa fisi. Nyumba ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano. Mama ameenda soko la Kituku. Yule mdogo wa mwisho, ambaye kwenye hadithi ya zamani hujificha ndani ya saa kubwa, kwangu anajificha ndani ya pipa la maji.

Nataka watoto waamue wenyewe pale mlangoni, na hapo ndipo ninapokwama. Kwenye hadithi, mara ya tatu wanambuzi wanafungua. Nikiwauliza watoto "tumfungulie?", ninajua watapiga kelele "hapana!", na hadithi itakufa papo hapo. Nisipowauliza, watakaa kimya wakinisikiliza kama wako darasani.

Maswali mengine: sauti za watoto 40 nitazizuiaje zisivunje ukumbi? Vifaa gani vinatosha bila kutumia franka nyingi? Na mwisho ule wa kupasua tumbo na kutia mawe, niuache au niuondoe?

Msimulizi wa Keshero

Dada, watoto hawana kosa hapo. Swali ndilo lenye kosa. Usiulize swali ambalo hukuliandalia njia kwa kila jibu. Watoto wakisema "hapana" halafu wewe ukaendelea na "basi wanambuzi wakafungua", wamekwisha kuelewa kwamba uliwauliza bure. Kuanzia hapo watajibu kwa midomo tu.

Kwa hiyo waache wakatae. Fisi asiingie kabisa. Badala yake ongeza hodi ya nne.

Kwenye hadithi waliyoichapisha ndugu wawili Grimm mwaka 1812, hodi ni tatu. Ya kwanza sauti ni nzito, wanakataa. Ya pili mbwa mwitu amekula chaki kulainisha sauti, lakini mguu wake mweusi unaonekana, wanakataa. Ya tatu amepakwa unga mguuni, wanadanganyika. Wewe zifuate hizo mbili za kwanza zilivyo. Chaki tu ndiyo uibadilishe iwe asali, kwa sababu mtoto wa miaka 5 akisikia chaki inalainisha sauti, Jumatatu ataitafuna.

Hodi ya tatu: sauti nyororo na mguu mweupe. Hapa watoto wenyewe hugawanyika. Wadogo husema ni mama, wakubwa husema ni yule yule kajipaka. Wape dakika nzima wabishane, wala usiegemee upande wowote hata kwa macho. Kisha fisi ajiumbue mwenyewe: apige chafya, unga udondoke, mguu uwe mweusi. Aondoke.

Hodi ya nne ni mama wa kweli. Vumbi la njiani limemkausha koo, sauti imekuwa nzito. Amepitia kwenye mashine ya kusaga mihogo, miguu yote ni unga. Dalili zote mbili walizojifunza kuziamini zinasema huyu ni fisi. Hapo ndipo uulize swali lako kubwa, ambalo sasa si "tufungue?" bali "tutajuaje?"

Utapata majibu ya kila namna: aimbe wimbo wetu, ataje majina yetu, tuchungulie kwenye ufa wa mbao, aseme neno la siri. Yote yapokee kwa hatua tatu: lirudie jibu kwa sauti ili walio nyuma walisikie, lifanye litokee mlangoni, kisha uliza kama linatosha. Majibu matatu yanatosha, la sivyo hutamaliza. Mtoto akitaja neno la siri, muulize: "Mama alipolisema asubuhi, fisi alikuwa wapi?" Swali hilo ni la zamani. Katika ngano ya La Fontaine, mshairi Mfaransa, ya 1668 mbwa mwitu alilisikia neno la siri akiwa karibu, akalirudia mlangoni. Mwanambuzi akaokolewa na kudai aonyeshwe mguu mweupe pia.

Ufunguo wa fumbo hili uufiche mwanzoni kabisa. Mama anapoondoka, aufunike mganda wa matembele kwa beseni jekundu, kwa mkono tu, bila kusema neno lolote. Usikirudie kitendo hicho wala usikikazie. Kwa kuwa hakikusemwa, fisi hakukisikia hata kama alikuwa nyuma ya uzio. Karibu kila mara kuna mtoto atakayekumbuka. Asipopatikana, yule mdogo aliye ndani ya pipa anauliza: "Mama, asubuhi ulifunika nini?" na kama kuna haja anaongeza rangi ya beseni. Hivyo hukwami.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Yote sawa, na hodi ya nne naipenda sana. Lakini kabla ya kufika kwenye mlango, tufikirie ni nani wamekaa kwenye ule mkeka. Mlango unaogongwa na mtu anayetaka kuingia kwa hila: kwa watoto wengi wa Goma, na hata wa huku Bukavu, hilo si jambo la hadithi tu. Hadithi ya aina hii inaweza kuwasaidia, kwa kuwa humo wao ndio wenye mlango na wao ndio wanaoamua. Inaweza pia kuwarudisha mahali pabaya. Mara nyingi tofauti inaletwa na mambo madogo.

Usigonge kwa ngumi. Kwaruza ubao kwa kucha, na useme "hodi" kwa mdomo. Mwanga ubaki, madirisha wazi, na mlango halisi wa ukumbi usifungwe wala usizibwe na kiti cha mtu. Atakayekuwa fisi aonekane mapema bila kificho: asalimie watoto, ataje kazi yake ("leo mimi nitakuwa fisi, na baadaye nitakuwa mama"), awafanyie sauti zote mbili wacheke. Hiyo haiharibu hadithi. Kinyume chake, inafanya hodi ya nne iwe ngumu kweli, kwa sababu wanajua nyuma ya pazia anaweza kuwa yeyote kati ya wawili. Fisi asiruke mbele ya watoto, asimshike mtoto, asivuke pazia hata mara moja.

Wasaidizi wakae katikati ya watoto, si ukutani: mmoja kwa kila watoto 10. Kazi yao si kunyamazisha. Wanaangalia mtoto aliyeganda, anayeziba masikio, anayetazama mlango wa nje badala ya pazia, au aliyesinzia ghafla wakati wenzake wanapiga kelele. Huyo msaidizi anamsogelea, anakaa naye, anamwambia kwa sauti ya chini kwamba wanaweza kutoka na kurudi wakitaka. Asiulizwe kwa nini. Na kwenye mazungumzo ya mwisho, tafadhali, lisiulizwe swali la "nani aliwahi kubishiwa hodi usiku?" Mtoto atakayejibu atajibu mbele ya watu 40, na wewe huna la kumpa baada ya hapo.

Jambo la mwisho, nalo nalitilia mkazo. Sauti ya fisi isiwe lafudhi ya watu fulani. Goma ina watoto wanaozungumza Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Mashi na nyingine nyumbani kwao. Msaidizi mchekeshaji anaweza kuteleza bila kukusudia, akamfanya fisi aseme Kiswahili cha kabila la mtu, na mtoto mmoja akarudi nyumbani akiitwa fisi. Sauti ya fisi itoke kooni na puani: nzito, ya polepole, yenye kukoroma kidogo. Ijaribuni mbele ya watu wazima wa lugha mbalimbali kabla ya Jumamosi.

Fundi Pazia

Mimi najibu la vifaa tu.

Mlango ni kikwembe (kitenge). Kipande cha yadi 2 kina urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 115 hivi. Funga kamba kwenye nguzo mbili (viti viwili vilivyopandishwa juu ya meza vinafaa, miguu ikifungwa) kwa kimo cha sentimita 145. Chini itabaki nafasi ya sentimita 30, na hapo ndipo mguu unapoonekana. Fisi akae kwenye kigoda nyuma yake, kichwa kisitokeze. Ubao wa kukwaruza aubane kati ya magoti. Usitumie kitambaa chepesi: dirisha likiwa nyuma, kivuli chake kitaonekana chote. Vizuri zaidi dirisha liwe nyuma ya watoto, mwanga uanguke usoni mwa msimulizi.

Mguu ni soksi mbili nyeusi nzito zinazovaliwa mkononi, na hapa kuna ufundi kidogo. Soksi ya fisi iwe kavu kabisa. Ipitishe juu ya unga wa mihogo bila kukandamiza. Akipiga chafya na kutikisa mkono mara mbili, unga unadondoka wote na weusi unatokea, ndivyo mnavyotaka. Soksi ya mama iloweshwe, ikamuliwe vizuri, kisha ikandamizwe kwenye sahani ya unga: huo hautoki hata akitikisa. Watu wengi huchanganya soksi hizi mbili, mama anabaki mweusi au fisi anabaki mweupe, na fumbo zima linaharibika. Ziweke pande mbili tofauti za kigoda, kavu kulia, yenye maji kushoto. Ya mama ipakwe unga wakati watoto wanabishana juu ya hodi ya tatu, si mapema, maana ikikauka nayo inamwaga.

Unga vijiko 2 vya chakula vinatosha. Ukileta bakuli zima mbele ya watoto ambao baadhi wametoka nyumbani bila chai, hawatatazama mguu, watatazama unga. Majivu usiyatumie, yanachoma macho.

Masikio ya karatasi ya kuvaa kichwani siyashauri. Yanakula saa nyingi za kukata, yanachanika kabla hadithi haijaanza, na wawili wasiopata watalia. Vidole viwili juu ya kichwa ni pembe tosha.

Kofi Tatu

Kuhusu kelele: usizizuie, zifundishe. Kiitikio kiwe kifupi na kiwe na mapigo, mfano "Sauti si ya mama! Mlango haufunguki!" Kabla ya hadithi wakiseme mara tatu: kawaida, kwa nguvu zote, kisha kwa kunong'ona. Kile cha kunong'ona ndicho breki yako. Katikati ya hadithi ukiinama na kuweka kidole sikioni, ukumbi mzima unashuka bila wewe kusema "nyamazeni". Wito wa mwanzo nao ufundishe dakika mbili, "Paukwa!" "Pakawa!", au uliza wazazi wito wa lugha za kwao, ipo mingi na mizuri.

Majibu ya mtu mmoja mmoja yaje mwisho. Anza na kwaya nzima, halafu "mwambie aliye karibu nawe", ndipo umwite mmoja. Mtoto aliyezoea masomo yetu anatafuta jibu ambalo mwalimu analitaka. Akishalisema kwa jirani yake, hofu inapungua. Na usimchague anayenyanyuka na kupiga vidole, utakuwa na watoto watatu wale wale tangu mwanzo hadi mwisho.

Ila saba ni wengi! Watoto wa miaka 5 hawashiki majina saba. Wapunguze wawe wanne.

Msimulizi wa Keshero

Kofi Tatu, majina wasipewe hata mmoja, isipokuwa yule wa ndani ya pipa. Lakini saba wabaki, kwa sababu watatusaidia kwenye mwisho ambao dada aliuuliza na hakuna aliyemjibu.

Tumbo la kupasuliwa liondoke. Fisi hajamla mtu, kwa hiyo hakuna la kupasua. Mawe, hata hivyo, ni mazuri mno kwa watoto wa Goma, tusiyatupe. Fisi alikuja na gunia la kuwabebea wanambuzi. Baada ya hodi ya tatu alichoka kusubiri, akalala nyuma ya nyumba, gunia wazi. Mama akiisha kuingia, watoto wanalijaza mawe saba, wanalifunga, wanarudi ndani. Fisi anaamka, anapapasa: moja, mbili, tatu... Ukumbi wote unahesabu naye kwa kunong'ona mpaka saba. Tamaa inamfumba macho. Anaamini amekwisha kuwakamata, hajiulizi lini. Huyo ndiye fisi tunayemjua kwenye ngano zetu, na ndiyo sababu fisi anafaa hapa kuliko mbwa mwitu.

Kabla ya kujaza, uliza: "Tutie mawe mazito au yale mepesi yenye matundu?" Mtoto yeyote wa Goma ameshika yote mawili, hutahitaji kueleza. Na swali hili lina njia kwa kila jibu. Wakisema mazito, fisi analipakia gunia kwenye chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, anasukuma na haliendi, gurudumu linazama, anasukuma mpaka jua linatua. Wakisema mepesi, anateremka nalo kwa kasi hadi mbali kabisa, anafungua, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Wakigawanyika, hesabu mikono, walio wengi ndio.

Mawe halisi usiyalete ukumbini, yale ya volkano yana makali na yanakata viganja. Omba mabaki ya vitambaa vyeusi kwa washonaji, funga mabonge 7 ya ukubwa wa chungwa. Yapite kutoka mkono hadi mkono tangu mstari wa nyuma mpaka mbele, ili kila mtoto ashike angalau moja. Gunia liwe la unga, lililooshwa. Gunia la makala (makaa) litaharibu nguo za watu.

Mwenye Mkeka (Goma)

Aksanti sana kwenu wote, hasa Mama wa Kadutu, sikuwa nimeliwaza hata kidogo la lafudhi. Nimepata wasaidizi wanne na beseni jekundu. Nina mawili yamebaki. Ukumbi ni wa mabati: mvua ikinyesha hakuna anayesikia. Na hofu yangu ni muda. Hodi nne, mabishano, mawe, vyote ndani ya dakika 45?

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Ya mvua: usishindane nayo, utapoteza sauti kwa dakika tano. Ikianza, ingiza mvua kwenye hadithi: kidole kimoja juu ya kiganja, viwili, vitatu, mpaka mikono yote, watoto wote. Wakati huo wasogeze wakae kwa kubanana mbele, mistari mitatu tu, wadogo mbele. Ikizidi kabisa, hodi zinaweza kuchezwa bila sauti, kwa mguu peke yake. Kofi moja la watoto liwe "fungua", mawili "usifungue". Hiyo muwafundishe mwanzoni, hata kama mbingu ni safi.

Kofi Tatu

Ya muda: dakika 5 kuingia na kukaa, 5 kiitikio na kumjua fisi, 25 hadithi, 10 mawe na kutoka. Wanaochelewa msaidizi awakalishe kando ya mkeka bila wewe kuanza upya.

Ukiona dakika ya 20 imefika na bado uko kwenye hodi ya pili, ikatize: fisi akiwa bado anaongea kwa sauti nyororo, aonyeshe mguu mweupe moja kwa moja, muwe mmeruka hadi ya tatu. Mabishano ya hodi ya tatu yapunguze yawe nusu dakika. Ya nne usiiguse. Ikiwa kwaya imekwisha kusimama mlangoni na mawe hayajaanza, waombe nao waingie, wasimame nyuma, wawe ndio mstari wa mwisho wa kupitisha mabonge.